Kopo la Kubana Petroli

Mtu aliyeitwa Profesa hakuwahi kufundisha popote. Aliwahi tu kununua miwani ya kusomea, na mjini mtu akivaa miwani na kunyamaza kidogo kabla ya kujibu, cheo humfuata chenyewe. Asubuhi hiyo alikuwa kwenye kituo cha mafuta na pikipiki yake ndogo, aliposikia ugomvi uliomsisimua kuliko chai.

"Mnaninyonya," mwenye kiwanda cha mikate alikuwa akiwaambia madereva wake. Watu walimwita Hamira kwa sababu hakukawia kuumuka. Alikuwa na pikipiki kumi na mbili zilizosambaza mikate katika miji ya kando ya barabara kuu. "Pikipiki ndogo inakunywaje kama lori? Mnaiba petroli. Mwezi huu nakata mishahara tena."

Vita vya panzi, furaha ya kunguru. Profesa akavua miwani, akaipangusa, akaivaa.

"Samahani, mzee. Vijana hawa hawaibi. Mwizi wako ni upepo."

Kwa bahati mbaya maneno hayo yalikuwa ya kweli. Profesa hakujua hilo. Yalimtoka tu kwa kuwa yalikuwa matamu mdomoni. Kisha akatoa mfukoni kopo dogo lililopakwa rangi ya fedha, lenye kitundu huku na huku cha kupitisha mpira wa mafuta. Akaeleza kwamba petroli ikipita humo hupasuliwa, tone moja likazaa manne, hivyo upepo wa barabara kuu ukute injini imeshiba. Ukweli ni kwamba mpira ulipita moja kwa moja, na kopo lenyewe lilikuwa tupu kama ahadi ya mlevi.

Hamira aliligeuza kopo mkononi. Alikuwa bahili, na bahili hatapeliwi kwa kupewa kitu rahisi; hutapeliwa kwa kuahidiwa kwamba hatatoa tena.

"Twende kwa vitendo," alisema. "Uende mpaka mizani ya malori na urudi. Kilomita hamsini, lita moja, mwendo wa tisini maana mikate yangu haingoji mtu. Ukifika, nalipia makopo kumi na mbili leo leo. Ila shangazi yangu atapanda nyuma awe macho yangu."

"Karibu sana shangazi," alijibu Profesa papo hapo. Chini ya kiti chake mlikuwa na tangi la pili, lenye bomba dogo la kulifungulia karibu na goti la kushoto. Lilikuwa limeshamvusha katika miji minne.

Shangazi alikuja na mkoba, kofia ngumu na chupa ya kupimia. Alikuwa mwanamke mpana, mtulivu, aliyeishi katika chumba cha nyuma ya kiwanda, ambako madereva walipitia kunywa chai na kulalamika.

"Shikamoo mama," alisema Profesa.

"Marahaba, baba." Profesa akafunga kopo kwenye mpira wa mafuta, naye Shangazi akakausha tangi mwenyewe, akamimina lita moja asizidishe hata tone. Hamira akaamuru sanduku la mikate lifungwe nyuma ya kiti, limesimama wima, kama kazini.

Wakaondoka. Kwa mwendo wa tisini Shangazi alikaa wima kama mlango wa kabati, upepo ukampiga kifuani, sanduku likayumba, na injini ikalia kama mbu ndani ya kikombe. Profesa hakujali. Walipofika mizani, alikuwa ameshaanza kupeleka goti lake bombani, ndipo akaguswa bega.

"Simama hapo kwa fundi wa tairi."

Akasimama. Kabla hajashuka, Shangazi alinyoosha mkono, akachomoa ufunguo na kuutumbukiza mkobani.

"Sasa fungua kiti."

"Kiti, mama?"

"Nimeuza petroli miaka ishirini na sita. Najua sauti yake ikicheza. Tangi liko mbele yako, lakini tangu tutoke kuna kitu kinacheza chini yangu mimi."

"Hiyo ni akiba, mama. Ya dharura."

"Basi dharura yenyewe ndiyo hii."

Kiti kikafunguliwa. Shangazi akalitazama tangi la pili kwa heshima ya fundi kwa fundi. Kisha akakausha lile la mbele ndani ya chupa. Ilibaki robo lita tu.

"Kilomita ishirini na tano tumekunywa robo tatu," alisema. "Kwa mwendo ule usingefika nyumbani hata kwa dua."

"Utanipeleka polisi?" Profesa aliuliza.

"Nikikupeleka nitapata nini? Hamira ataendelea kuwaita vijana wezi. Miaka miwili namwambia apunguze mwendo, ajaze tairi upepo, na ananijibu, shangazi, wewe umestaafu, pumzika. Ushauri wangu ni wa bure, na bahili haamini kitu cha bure. Wewe unauza. Basi leo tutauza."

Akamwita fundi. Tairi zikajazwa upepo mpaka zikawa ngumu, mnyororo uliokuwa mkavu ukatiwa mafuta, sanduku likalazwa chali. Shangazi akapima lita moja kamili kutoka lile tangi la siri, akaimimina mbele, na iliyobaki akampa fundi kama malipo.

"Sitini," alimwambia Profesa. "Gia ya mwisho, mkono usitetereke. Inama, nami nainama nyuma yako."

Wakarudi wamejikunja kama watu wanaonong'onezana. Malori yaliwapita, na hata mzee mmoja mwenye gari la kizamani aliwapita akiwapungia mkono. Kiwandani Hamira alikausha tangi kwa mikono yake. Ikatoka nusu lita.

Hamira alikodoa macho. Profesa alikodoa zaidi, maana yeye ndiye aliyejua kwamba kopo halina kitu.

"Kifaa kinafanya kazi," Shangazi alitangaza. "Lakini kina masharti. Mwendo usizidi sitini, ukizidi kinapasuka. Tairi zipimwe upepo kila Jumatatu. Mnyororo usikauke. Sanduku lilale. Mafuta yafunguliwe polepole, kama mtu anayemwamsha mgonjwa. Ukivunja sharti moja, usidai chochote."

"Na mikate?"

"Vijana wataondoka nusu saa mapema."

Hamira aliitikia kwa unyenyekevu. Kitu cha gharama lazima kiheshimiwe. Akaleta bahasha yenye malipo ya makopo kumi na mbili, na Shangazi akaipokea yeye, ili ikae mahali salama mpaka matokeo ya mwezi yaonekane. Profesa angebishaje, na ufunguo wake ulikuwa umesharudi mkobani?

Mwezi ulipoisha, matumizi ya petroli yalikuwa yamepungua kwa theluthi, na Hamira alikuwa akitembea na kopo moja mfukoni ili awaonyeshe wageni. Profesa akaenda chumba cha nyuma. Alikuta madereva wamejaa, wanacheka.

"Nimefuata bahasha, mama."

"Imeshakwenda kwa wenyewe. Hawa ndio waliokatwa mishahara." Akamkabidhi nauli ya basi, si zaidi.

"Na pikipiki yangu?"

"Yenye matangi mawili? Huo ni ushahidi, mwanangu. Uache kwangu, nisije nikalazimika kuupeleka mbali."

Profesa aliondoka na nauli yake, roho ikimuuma kwa namna asiyoizoea. Alifika mji mwingine, akapaka makopo mengine rangi ya fedha, akawauzia watu. Yalirudishwa yote ndani ya wiki tatu, mengine kwa kurushwa. Alikuwa amejificha chumbani wakati simu ilipolia. Alikuwa Hamira.

"Nasikia unauza kifaa cha shangazi yangu huko," alisema. "Amenieleza kila kitu. Kifaa ni chake. Wewe ulikuwa kibarua wake wa kupaka rangi, ukamwibia. Sasa anauzia barabara nzima, na duka amefungua. Nikikuona nitakushtaki kwa niaba yake."

Kwa mara ya kwanza tangu apate akili, Profesa alikuwa amedhulumiwa kweli, akajikuta hana uongo wa kumtosha. Ikabidi aseme ukweli.

"Mzee, lile kopo ni tupu. Lipasue uone mwenyewe."

"Najua ni tupu," alijibu Hamira. "La kwako. La Shangazi lina maelekezo." Akakata simu.