Lori la Marehemu Halisimami Mlimani

Jumatatu, 4 Agosti

Leo nimeandika historia. Giaboksi mpya imeingia kwenye lori la marehemu baba mkwe! Ile ya zamani ilikuwa inalia utadhani imefiwa yenyewe. Hii nimeitoa kwenye pikapu iliyokufa nyuma ya gereji. Gia tano. Kimya. Nimezunguka mtaa mzima, dirisha wazi, kiwiko nje. Majirani wametoa macho. Mmoja kaniita injinia. Sikumkatalia.

Giaboksi ya zamani nimempa shemeji, kaka wa mke wangu. Alikuwa anatafuta kitu kizito cha kuegemeza geti lake lisifunguliwe na upepo. Nikamwambia chukua, haina kazi tena. Kashukuru mno. Nimejisikia mtu mkubwa, hasa kwa kuwa mimi na shemeji hatupendani kiasi hicho. Kila mmoja wetu analitaka hili lori, na mama mkwe hajasema atamwachia nani. Shemeji ana damu. Mimi nina spana.

Jumanne, 5 Agosti

Mama mkwe katoa sharti. Mke wangu kalileta pamoja na chai ya jioni. Jumapili, mama akitoka kwa dada yake, apandishwe na lori hadi kwake, juu ya kile kilima. Pale getini hapana hata shibiri ya tambarare. Dereva asimamishe lori, avute hendibreki, ashuke, afungue geti mwenyewe. Mama abaki ndani na mkoba wake mapajani, asiguse kitu. Atakayeweza hilo, lori lake. Mimi ndiye wa kwanza kujaribu. Nikishindwa, zamu ya shemeji.

Nimecheka mpaka chai ikanipalia. Sharti lenyewe ndilo hilo tu? Nikatoka kwa madaha kwenda kuivuta hendibreki, mke wangu ashuhudie.

Ikapanda bila ubishi. Nikaishusha, ikashuka. Nikaipandisha tena. Ilikuwa kama kushika mkono wa koti lisilo na mtu ndani. Mke wangu kauliza kama ndivyo inavyotakiwa kuwa. Nimemwambia hizi mpya ni laini.

Jumatano, 6 Agosti

Nimemwita fundi wa jirani, yule tunayemwita Kicheko. Kaingia uvunguni. Kagonga mara mbili kwa spana. Halafu jina lake likatimia.

Kumbe! Malori ya zamani kama hili hendibreki yake haikai magurudumuni. Inakaa mkiani mwa giaboksi, dramu inayobana ile shafti ndefu inayokwenda nyuma. Ukiitoa giaboksi, umeondoka na hendibreki. Kicheko akauliza ya zamani iko wapi, huenda dramu yake ikafungika kwenye hii mpya. Nikasema ipo. Akauliza ipo wapi. Nikasema ipo mahali salama. Na kweli ipo. Inazuia geti la shemeji!

Nimelamba galasa.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimekesha na akili yangu. Nimwendee shemeji nimwambie ukweli? Bora nife. Atatangaza hadi kwenye misiba. Nikatunga jambo.

Nimemwambia, kwa sauti ya chini, kwamba mama ana majonzi. Kwamba anaitamani ile giaboksi aiweke sebuleni, kumbukumbu ya marehemu. Shemeji kalengwalengwa na machozi. Kasema hakujua mama anaumia kiasi hicho. Nikaona mambo yamenyooka, nikainama kuibeba. Kanishika bega. Hapana, shemeji yangu. Ataisafisha, ataipaka rangi, ataipeleka yeye mwenyewe Jumapili. Kitu cha baba yake hakibebwi na mkwe.

Nimerudi nyumbani bila breki na kiuno kimekaza. Mke wangu ananikanda na kuuliza nimebeba nini. Sijabeba kitu! Hilo ndilo tatizo.

Ijumaa, 8 Agosti

Sikati tamaa. Ile pikapu iliyokufa ina hendibreki ya kwake, ya magurudumu ya nyuma, inavutwa kwa waya. Nimechomoa kila kitu nikapachika kwenye magurudumu ya nyuma ya lori. Havikutosha. Nimevifanya vitoshe. Tupa imefanya kazi mpaka imelainika.

Waya ukawa mfupi. Nimeuunga na waya wa kuanikia nguo. Mke wangu katoka na beseni, kauliza nguo zianikwe wapi. Nimemweleza kuwa mambo makubwa yanataka kujitoa. Kaanika suruali zangu zote juu ya boneti ya lori, na bado zinanuka dizeli.

Jumamosi, 9 Agosti

INASHIKA! Nimeteremka mteremko wa nyuma ya ghala, katikati nikavuta. Krrr. Kimya. Lori limesimama tuli, pua ikitazama bondeni. Nikashuka nikalisukuma kwa bega. Wapi! Nikacheza peke yangu barabarani. Mama mmoja muuza mboga kavuka kwenda upande wa pili.

Kicheko hakukosa la kusema. Kanishauri niligeuze, nijaribu na pua ikitazama juu, kwa sababu breki ya kuchongachonga inaweza kubana lori likienda mbele na kuteleza likirudi nyuma. Nimemwambia mlima ni mlima. Kauliza kwa mama mkwe nitafika nikiwa napanda au nateremka. Wivu tu huo. Wakati wa kuondoka kaniwekea jiwe kwenye kiti, eti nikifika niliweke nyuma ya gurudumu kwa usalama. Nimelitupa mtaroni. Mtu na breki yake anabeba jiwe la nini?

Jumapili, 10 Agosti



Mama mkwe kapanda amependeza, mkoba mapajani, magoti pamoja. Njiani alikuwa anatabasamu peke yake. Kisha akanieleza jambo ambalo hajawahi kumwambia mtu. Hendibreki ya lori hili haikuwahi kushika mlima ule hata siku moja. Marehemu alikuwa akijisifu kwa watu kuwa inashika. Miaka yote ile, mzee akishuka kufungua geti, yeye ndiye aliyenyoosha mguu akakanyaga breki, huku moyo uko mdomoni. Breki ilikuwa yeye. Hajawahi kufika nyumbani kwake kama abiria. Ndiyo maana ya sharti lake. Alitaka mara moja tu akae, atazame nje, mtu mwingine ahangaike.

Nikamwapia kuwa leo mguu wake hautasogea. Wallahi nilikuwa namaanisha.

Shemeji alikuwa ameshafika getini. Giaboksi kaipaka rangi ya fedha na kuifunga utepe. Nikasimamisha lori. Nikavuta. Krrr. Likatulia. Nikashuka kifua mbele, nikashika komeo, nikamgeukia shemeji nimwone anavyoumia. Macho yake yalikuwa yametoka, ila hayakuniangalia mimi.

Lori lilikuwa linarudi nyuma. Taratibu, kwa adabu, na mama mkwe ndani. Waya wa nguo ukalia tang! Nikapiga yowe. Nikakimbilia mbele ya lori kulizuia, na lilikuwa linarudi nyuma!

Likasimama lenyewe. Nikachungulia. Mkoba ulikuwa sakafuni, kalamu na miwani vimetawanyika. Mama kanyoosha mguu, kakanyaga breki. Alikuwa anatazama mbele tu. Hakuniangalia. Angenitukana ningepona haraka zaidi.

Shemeji akaiviringisha giaboksi, utepe na vyote, akaisukuma nyuma ya gurudumu. Mama akaachia mguu polepole. Likakaa. Akasema hiyo ndiyo mara ya kwanza giaboksi ile kulishika lori kwenye mlima huo.

Halafu akauliza kwa nini imepakwa rangi. Shemeji akajibu kwa upole kwamba ni ya sebuleni, kama alivyoomba. Mama akasema hakuomba. Wote wawili wakanigeukia. Ardhi haikunimeza, niliisubiri.

Mama akaokota mkoba, akasogea kwenye usukani, akawasha, akangoja nifungue geti, akaingiza lori ndani bila kugusa nguzo. Hatukujua kama anajua kuendesha. Akashusha kioo akatoa hukumu. Lori ni lake mwenyewe. Kicheko ataitengeneza breki. Na kwa kuwa mkwe wake anapenda sana geti hili, kuanzia leo yeye ndiye atakayelifungua.

Jumatatu, 11 Agosti

Nimekwenda kumwomba radhi mama. Kanisamehe, kisha kapiga honi nimfungulie. Mke wangu kanunua waya mpya wa nguo, kaufungia kabatini, ufunguo kauficha. Nimekoma. Sitagusa tena chombo cha mtu. Nimekula kiapo mbele ya Kicheko, na amecheka.

Ila nilipokuwa nimesimama pale juani nimewaza. Kwani mtu ashuke kwa nini? Geti likijifungua lenyewe, hakuna wa kushuka, hakuna wa kukanyaga breki, mama atakaa abiria mpaka achoke. Kinachotakiwa ni mota ya feni na kamba tu. Mama kaenda sokoni na lori, nikaona nianze kidogo kabla hajarudi.

Nyuma ya bawaba ya juu nimekuta chuma kizito, kirefu, kimefungwa kwa nati za zamani zile. Nimekizunguka mara kadhaa. Hakina kazi. Nimekifungua, nimempelekea shemeji, maana sasa geti lake halina kizuizi. Kashukuru mno.

Nasikia lori linapanda kilima. Geti la mama limelala upande mmoja, litakuwa upepo.