Barafu Masikioni

Jumatatu, 4 Machi
Mwaka wa tatu huu tangu nitoke nyumbani kuja kujenga maghorofa ugenini. Asubuhi nimeoga kwa mpira wa uani, maji ya baridi yakaniingia sikio la kushoto. Dunia ikazunguka! Moyo ukanienda mbio, nikatapika ndani ya viatu vya Mpakarangi, mwenzangu wa chumbani. Amenitukana mpaka jioni. Muuguzi wa kambi anasema mizani ya mwili imo ndani ya sikio. Baridi ikiivuruga, tumbo na moyo navyo vinafuata. Akaniambia nilale ubavu. Nimelala, nikarudi utotoni: kichwa changu pajani kwa mama, tone la mafuta vuguvugu likishuka sikioni, nguo yake ikinuka moshi. Sikutaka kuamka.

Jumanne, 5 Machi
Kaka amepiga simu. Mama hainuki tena kitandani. Akampa simu. Sauti nyembamba kama uzi.
"Mwanangu, utanikuta?"
Nikasema nakuja. Nakuja na nini? Msimamizi ameshika pasipoti zetu mpaka mkataba uishe. Anayerudishwa mapema ni yule aliyeandikiwa na daktari tu. Na daktari anakuja Alhamisi. Hapo akili ikanijia. Sikio!

Alhamisi, 7 Machi
Mpakarangi ameunusa mpango wangu. Akanishauri nimwagie sikio moja tu, kama siku ile. Kijicho! Hataki nitangulie kuona kwetu. Ikiwa moja lilinitapisha, mawili si yatanilaza kwenye machela? Nikayamiminia maji ya barafu yote mawili kwa pamoja, nikaingia kwa daktari kungoja kizunguzungu.
Wapi. Nimesimama kama nguzo. Moyo unapiga taratibu kama wa mtu anayeota jua. Akanitaka nisimame kwa mguu mmoja, nikasimama, mjinga mimi, hata sikuyumba. Muuguzi aliona maji yakinitiririka shingoni. Akanivuta pembeni.
"Ndugu yangu, masikio ni watu wawili wanaovutana kamba. Umewapa nguvu sawa. Kamba itakwenda wapi?"
Daktari ameandika: anafaa kazi za juu.

Ijumaa, 8 Machi
Nimepandishwa ghorofa ya mwisho. Upepo mtupu. Msimamizi ananisifu, anataka kuniongezea mkataba. Mpakarangi amecheka mpaka akakaa chini. Kaka anasema mama amekunywa supu kidogo, na kila mlango ukilia anauliza kama ni mimi.
Nimefikiri sana. Muuguzi hajui kitu. Kosa lilikuwa uchache wa barafu. Daktari anarudi Alhamisi, nami nimekwisha kuagiza ndoo mbili, moja kwa kila sikio. Mwezi huu hauishi kabla sijafika nyumbani.