Ubao wa Kijani Msituni

Jumatatu, 4 Agosti

Leo hata usingizi wa mchana umenikataa, jambo ambalo halijanipata tangu nistaafu. Sababu ni Hesbon, muuza mbegu wa Kimilili. Alipita hapa Kibomet kupanga safari ya wazee wa kanisa, Jumamosi, kwenda msitu wa serikali juu ya Kapsokwony. Tukiwa langoni akaniambia bila haya: "Mzee Gathii, kule msituni nimeshapata mahari ya Rosaline. Iko tu sawa."

Mahari! Ya Mwalimu Rosaline, jirani yangu, mjane wa heshima, ambaye nimekuwa nikimpelekea sukumawiki tangu mwaka jana nikingoja saa nzuri ya kusema neno. Sasa ananipiku mtu anayeimba "hareruya" kanisani kwa sauti kuliko wote. Hata l na r hazitofautishi. Simwachii.

Jumatano, 6 Agosti

Mpango umepatikana. Rosaline alifundisha Kiswahili na historia, kwa hiyo nitampa historia. Huo msitu naujua. Nilizaliwa humo, katika kambi ya vibarua, baba akipogoa miti na mama akilima viazi katikati ya miche. Sijarudi tangu tufukuzwe. Leo nikikoroga rangi nimekumbuka ghafla harufu ya utomvu kwenye koti la baba, nikalazimika kuketi kidogo. Halafu nikajikaza. Historia ya vibarua na viazi haimvutii mwanamke aliyesoma.

Kwa hiyo nimetunga yangu. Ubao mzuri, rangi ya kijani iliyobaki nilipopaka lango: MTI WA MAPENZI. WACHUMBA WARIOKETI HAPA HAWAKUACHANA KAMWE. Nimeandika kwa mkono wangu. Hakuna herufi iliyopinda.

Alhamisi, 7 Agosti

Bodaboda hadi Kapsokwony, kisha kwa miguu. Nimepigilia ubao kwenye mti mkubwa kando ya njia, juu ya gogo laini la kukalia. Nimepigilia na kidole pia. Mbega mmoja alikuwa juu ananitazama tu. Mpango ni huu: Jumamosi natangulia na Rosaline, "naugundua" ubao, tunaketi, nasema neno langu.

Baadaye nilitafuta kambi yetu. Ni miti mitupu, mistari kwa mistari, giza mchana. Pale tulipochezea mpira siwezi hata kupatambua. Nimerudi na kidole kilichovimba na moyo mzito.

Jumamosi, 9 Agosti

Kwanza, Hesbon amekuja na mke. Anaitwa Nakhumicha, mzima wa afya, na kikapu cha chapati za watu wote. Hakuna aliyewahi kuniambia. Pili, wametembea haraka kuliko mimi. Kufika kwenye mti wangu nikamkuta Hesbon anapangusa gogo kwa leso, anamwambia Rosaline, "Mwalimu, mahari yenyewe ndiyo hii. Kaa upumzishe goti."

Mahali. Mahali pa kukaa.

Rosaline akaketi. Hesbon naye akaketi kando yake kuvuta pumzi. Juu ya vichwa vyao, ubao wangu. Nakhumicha akausoma kwa sauti, polepole, mpaka mwisho.

Kiplimo, askari wa msitu aliyekuwa anatuongoza, akataka kujua nani amepigilia msumari mti wa serikali. Watu wakarudia lile neno "warioketi" wakamgeukia Hesbon. Mimi nikamtafuta mbega. Hesbon akaapa kwamba hajui lolote. Nakhumicha akafunika kikapu, na hapo msafara mzima ukaona uzito wa jambo lenyewe.

Rosaline akavaa miwani. Akasema Hesbon huchanganya akisema tu. Akiandika hakosei, tazameni bango la duka lake. Kisha akakwaruza rangi kwa ukucha, akanitazama, akavua miwani. Lango langu analiona kila asubuhi.

Kiplimo aling'oa ubao, tukasonga mbele. Akatueleza kwamba miti hii ya saiprasi ilipandwa na familia zilizoishi humu. Walilima katikati ya miche, miche ikikua na kuziba jua wanahamishiwa sehemu nyingine, mpaka siku moja wote wakaamriwa kutoka. Ati hata majina yao siku hizi hakuna anayeyajua.

Nyuma yake nikaona mti wa pichi, mzee, umeinama. Chini yake mafiga matatu.

Nikasema yanajulikana. Hapa palikuwa jikoni pa Mukami, mama yangu, na hiyo pichi aliipanda kwa kokwa. Sikuwa nimepanga kusema. Nikaendelea: alivyotukataza kukanyaga miche. Alivyojua kwamba miti ikikua ndiyo itakayotuhamisha, na bado wakati wa kiangazi aliimwagilia maji ya kunawia. Nilimkumbuka mno. Nililia mbele ya watu, na hakuna aliyecheka. Rosaline, aliyekuwa ameketi kwenye jiwe kando ya njia, akanisogezea nafasi, akasema, "Kaa hapa, Mzee. Endelea." Nakhumicha akafunua chapati.

Jumatatu, 11 Agosti

Jana baada ya ibada Rosaline alisimama langoni kwangu. Akaliangalia lango kwa muda. Akasema pichi zikiiva nimrudishe msituni, sisi wawili tu, nimmalizie habari za mama. Kisha akasema, "Lakini ubao uache nyumbani, Gathii."

Nimelifikiria jambo hili kwa kina. Kilichoniangusha ni rangi.

Leo nimenunua nyeupe. Ubao mpya unakauka uani, wa kutundika kwenye pichi ya mama. Nitaufunga kwa kamba, Kiplimo asiseme kitu. Na safari hii nimekagua herufi moja moja, hakuna wa kunikosoa: HAPA NDIPO MAHARI PETU. GATHII NA ROSALINE.