Vita vya Aleem na Mbawakawa wa Bonde la Don

Sogeeni, enyi mnaopenda habari za mashujaa, mkasikie ya leo! Asubuhi nilikuwa nasuuza vikombe vya wageni wa jumuiya, ndipo alipobisha hodi Aleem, mwana wa Kurbanali mwenye duka, simba wa darasa la kumi. Mwalimu wa sayansi ametupanga wawili: kesho tulete mdudu mwindaji wa majini, akiwa hai. Anapokaa nilikuwa napajua mimi, maana wiki nzima nimekwenda kumtazama. Darasani sikufungua mdomo. Aleem ndiye aliyesimama akasema, "Mimi napajua."

Basi tukashuka bondeni, nyuma ya maghorofa yetu ya Flemingdon huku ughaibuni, mpaka kwenye kidimbwi. Shujaa kavaa buti mpya za magotini, wavu begani. Mimi nilibeba chujio la chai la mama.

"Otilia, kaa nyuma bwana! Leo maji haya yatanitambua!"

"Yuko pale, kwenye matete."

"Nani kakuuliza?"

Hapo akapanda adui: mbawakawa mpiga mbizi, mkubwa kama kokwa ya tende, mweusi mwenye pindo la njano, aliyemaliza baridi yote chini ya barafu na kutafuna viluwiluwi bila kumwomba mtu radhi. Akatoa kitako juu ya maji avute pumzi, maana yeye hupumulia nyuma. Aleem mtukufu akatupa wavu kwa nguvu za majeshi saba, akakosa, buti zikajaa maji. Akapeleka mkono. Adui akamng'ata kidole.

"Mama weee! Ana sumu! Nakufa!"

"Hana sumu."

"Wewe daktari?"

Simba akilia, mimi nikangoja mdudu apande tena kupumua, nikamchota kwa chujio, nikamtia kwenye chupa ya achari. Aleem akaninyang'anya. "Nipige picha!" Nikampiga, mjinga mimi.

Nyumbani mama akafoka, "Chujio linanuka tope na wageni wameshakaa! Chai niichuje kwa kitenge?" Nikalisugua kwa sabuni.

Na sasa ushindi uko Facebook, watu arobaini wameushangilia: "Nimemkamata mwenyewe, mikono mitupu." Andikeni, enyi waandishi wa historia! Kazi yetu pia kanitumia, imeshachapwa. Juu pana jina moja, na si langu.

Nikamwandikia: "Aleem, mdudu nimemkamata mimi. Weka jina langu kabla ya kesho."

Ujumbe ameusoma saa tatu na dakika kumi usiku. Sasa ni saa tano kasorobo.