Mabomba ya Mzee Sipinen

Taisto Hukkanen alijaliwa kinywa, na mtu mwenye kinywa hafi njaa mjini Tampere. Watu wa kule wanaweza kukaa meza moja saa nzima, wakamaliza vikombe vitatu vya kahawa bila neno, kisha kila mmoja akarudi kwake akisema leo tumepiga soga kweli. Watu wa namna hiyo hawana kinga dhidi ya maneno matamu. Taisto alilijua hilo tangu ujana, na kwa miaka ishirini alikuwa ameishi vizuri sana kwa kuongea tu.

Siku moja katikati ya Agosti alikuwa ndani ya ukumbi wa soko akila soseji nyeusi na jamu, mara akamsikia mzee wa meza ya pili akifoka kwenye simu. Mzee huyo alikuwa Jalmari Sipinen, mwenye jengo la ofisi la orofa saba karibu na stesheni ya treni. Alikuwa amepata wanunuzi kutoka Helsinki na bei wameshakubaliana, ila mhandisi wao aliteremka chini ya jengo akakuta mabomba ya joto yako uchi, mifereji ya hewa iko uchi, tangi nalo liko uchi. Akasema hatii sahihi mpaka vyote vivikwe. Angerudi Jumatatu ya kwanza ya Septemba, siku ambayo mitambo ya joto ingewashwa kwa ajili ya majira ya baridi. Mafundi waliomtajia Sipinen bei zao walikuwa wamemharibia hata ladha ya kahawa.

Taisto alisogea na sahani yake, akaomba radhi kwamba amesikia bila kukusudia, akajitambulisha kama mkandarasi wa kuvisha mabomba. Kabla jamu haijaisha alikuwa ametaja nusu ya bei ya wenzake.

"Nusu?" Sipinen akauliza. "Kwa nini?"

"Taslimu, mzee wangu. Mimi na wewe tu. Karatasi za nini baina ya watu wazima?"

Sipinen alikuwa bahili wa kiwango cha kuzima taa za ngazi watu wakiwa bado wanapanda. Aliposikia kwamba hakuna karatasi, maana yake hakuna kodi, macho yake yakalainika kama siagi juu ya kiazi cha moto.

Hapa inafaa tueleze ujanja wenyewe, maana ulikuwa na akili. Bomba lililovikwa vizuri hulijui kwa macho. Unaloliona ni koti la bati la alumini linalong'aa, na chini yake ndiko kunakotakiwa kuwa na sufi ya mawe, ile inayozuia joto lisitoke. Ukitaka ukweli unaweka kiganja: maji yanachemka ndani, na wewe nje unagusa bati la baridi. Lakini mwezi wa Agosti mabomba ya joto yamelala. Hata bomba lenye koti tupu ni la baridi, na kiganja cha mwenye jengo hakiwezi kushuhudia lolote. Ukweli ungejulikana Jumatatu ile joto litakapowashwa, na kufikia Jumatatu Taisto alikusudia awe ng'ambo ya bahari, Tallinn, na begi la pesa za Sipinen.

Kwa makoti alimtafuta Marjut Vesterlund, mama wa miaka hamsini na kitu, fundi wa bati ambaye angeweza kumshonea kobe koti la alumini likamkaa. Alimweleza mpango wote, akamwahidi nusu. Marjut alivuta sigara yake mpaka mwisho, akauliza kama nusu hiyo ni kweli nusu. Taisto akaapa kwa kaburi la mama yake, ambaye wakati huo alikuwa mzima wa afya akicheza bingo huko mjini Pori.

Walifanya kazi wiki mbili na nusu. Kwenye mita tatu za kwanza karibu na mlango, pale mzee angeweza kuchungulia, waliweka sufi ya kweli. Sehemu zilizobaki walijaza trei za mayai na magazeti ya zamani ili makoti yasibonyee. Marjut alikata, akakunja, akapiga ribiti, vile vipini vidogo vya kubana bati, kwa mstari ulionyooka kama uzi. Kona za mabomba zilimeta na tangi likawa kama limevaa kwenda harusini. Sipinen alishuka kila jioni, akatazama, akatikisa kichwa mara moja, na kwa Kitampere hiyo ni hotuba ya shukrani.

Ijumaa kazi ikaisha. Sipinen akasema sauna ya orofa ya saba ameshaiwasha.

Taisto alilitegemea hilo. Kazi ikikamilika, mwenye jengo huwapandisha mafundi sauna, na fundi atakayekataa hutazamwa vibaya kuliko mtu aliyeingia benki na soksi kichwani. Wangetangulia wanaume, kisha zamu ya mwanamke. Marjut alipenda mvuke na hakuwa mtu wa kutoka chini ya saa moja. Zamu yake ikianza, Taisto angeshuka na begi zima, nusu ya mwenzake ikiwemo, akapande treni ya saa kumi na mbili. Ulikuwa mpango usio na mshono, na alijipongeza kwa ukimya, jambo alilolifanya mara chache.

Kwenye chumba cha kuvulia nguo Sipinen alimkabidhi begi. Taisto alichungulia ndani, moyo ukaruka, akalitundika kwenye ndoano juu ya suti yake nzuri. Hakuwa na wasiwasi. Katika maisha yake alishawaibia wajane, mapadri wawili na chama cha wapenda njiwa, lakini vitu vilivyotundikwa nje ya sauna hakuwahi kuvigusa, wala haikumpitia akilini kwamba Mfini yeyote anaweza. Marjut alikuwa chumba cha pili akichoma soseji. Mwenye pesa angekuwa ndani pamoja naye, uchi kama yeye. Sasa hatari ingetoka wapi?

Wakakaa kwenye benchi la juu. Sipinen akamwaga maji kwenye mawe, mvuke ukapanda ukawashika masikio. Akamwaga tena. Kutoka wa kwanza ni aibu, basi Taisto akauma meno na kuzungumzia hali ya hewa.

"Taisto," Sipinen akasema taratibu, "zile trei za mayai ulizipata wapi?"

Mawe yalivuma kwa mvuke. Taisto alihisi baridi mgongoni, jambo la ajabu katika nyuzi joto tisini.

"Trei gani, mzee?"

"Zilizomo ndani ya mabomba yangu."

Kisha mzee akamweleza yote kwa utulivu, kwa sababu ndani ya sauna watu hawagombani. Marjut alikuwa amemfuata Jumatano. Alisema amechoka na uongo, na kwamba makoti yale ni kazi ya mikono yake. Jumatatu yakigundulika ni matupu atachekwa na mji mzima. Wakakubaliana: Sipinen anunue sufi ya kutosha, na begi lile lichukuliwe na Marjut kama malipo yake wakati Taisto yuko kwenye mvuke. Yeye na kaka zake wawili wangeifanya kazi upya mpaka Jumapili. Hivi sasa walikuwa chini wanafungua makoti.

Taisto alitoka mbio bila kujali aibu. Ndoano ilikuwa tupu. Begi halikuwepo, suti haikuwepo, hata viatu havikuwepo. Nyuma yake Sipinen alikuwa anacheka, na kwa sauti ya kicheko chenyewe ilionekana hakijatumika kwa miaka mingi.

Mzee akatafuta suruali yake, asiione. Kicheko kikakatika.

"Labda Marjut kazihifadhi nguo zetu," akasema.

Waliteremka kwa lifti, kila mmoja na taulo kiunoni, wakitazama namba za orofa. Chini kulikuwa kimya. Marobota ya sufi yalipangwa mpaka dari, hakuna hata moja lililofunguliwa. Hapakuwa na kaka yeyote wala gari uani. Mabomba yalimeta vilevile. Kwenye tangi kulibandikwa karatasi: "Soseji ziko juu, nimezifunika. Jiko nimezima."

Sipinen alitaja polisi, akakumbuka kodi, akanyamaza. Taisto hakutaja polisi hata kidogo.

"Niambie kitu kimoja," mzee akasema mwishowe. "Hii kazi uliwahi kuisomea kweli, au hata hilo ni uongo?"

"Miaka miwili. Niliiacha."

"Kwa nini?"

"Inawasha mwili, mzee. Vibaya sana."

Sipinen akatazama marobota, akamtazama Taisto na taulo lake. Mkononi mwa mzee, kwenye kikuku cha mpira mweusi alichovaa hata saunani, kulikuwa na ufunguo pekee wa mlango mkuu.

"Basi ndugu yangu," akasema, "shika mkasi."

Huwezi kujua sufi ya mawe inawasha namna gani mpaka ikupate umetoka sauna, vinyweleo vyote vimefunguka na huna shati. Marjut alipiga ribiti kwa uaminifu mkubwa, na kila moja ilitaka kutobolewa peke yake. Taisto alifungua koti, akatoa trei, akafunga sufi, akarudisha koti. Sipinen alimshikia taa, na Jumamosi mchana ubahili ukamlazimisha naye ashike kisu. Walilala kwa zamu juu ya marobota, jambo ambalo halikuwasaidia. Walikula zile soseji zikiwa baridi.

Jumatatu saa mbili asubuhi joto likawashwa. Mhandisi wa Helsinki, kijana mrefu wa maneno machache, alitembea bomba hadi bomba akiweka kiganja. Yote yalikuwa ya baridi. Akaweka kiganja kwenye tangi, likawa la baridi pia. Akatoa kalamu, akatia sahihi mkataba juu ya tangi lenyewe.

"Kazi safi," akasema. "Alinieleza ukweli mama yule."

"Mama yupi?" Taisto akauliza. Alikuwa amevaa ovaroli la msafisha ngazi, fupi kwa miguu yote miwili.

"Vesterlund. Alinipigia Ijumaa jioni akiomba kazi. Akaniambia nisimwamini kwa maneno, nije kwanza niguse mabomba ya Sipinen." Akafunga kalamu. "Tuna majengo manne yanayosubiri. Anaanza kesho kama msimamizi."

Sipinen na Taisto walitazamana. Mmoja alikuwa anajikuna shingo, mwingine ubavu.

"Na nyinyi mna nini?" mhandisi akauliza.

"Furaha tu," Taisto akajibu, akahamia kwapani.