Kopo la Sitwayen Kabeya

Kindu, Jumatatu, 12 Septemba 1977

Hawa wangu ameingia darasa la kwanza! Mara ya pili, lakini ile ya mwaka jana siihesabu. Alikaa wiki mbili tu. Mwalimu alisema mtoto ana kiburi, anaitwa haitiki. Nikaeleza kwamba si kiburi, ni surua, ilimchukua masikio yote mawili akiwa na miaka minne. Kueleza ukweli njo kulituharibia, ndiko kulikomfukuzisha. Direkta wa shule akajibu kwa upole kwamba darasa lina watoto sitini, kiziwi hana nafasi, nirudi naye nyumbani anisaidie kutwanga sombe, majani ya muhogo. Anatwanga vizuri, sikatai. Lakini mtoto wa miaka saba atwange mpaka azeeke?

Direkta yule amehamishiwa Kalima. Huyu mpya hatujui. Safari hii sikusema kitu. Kimya! Mume wangu Musafiri anasema siri yangu itafika saa nne asubuhi, haitapita hapo. Watu wa reli kama yeye wana dharau.

Jumanne, 13 Septemba

Jirani Ntumba kaja na habari kabla sijafagia. Watu wa chuo kikuu wamefika kutoka Kisangani. Wanapita mashuleni kutafuta watoto viziwi, vipofu na wenye miguu mibovu. Nikauliza wa nini. Akasema wanawapakia meli ya Ubundu, wanakwenda kuwasoma huko. Kuwasoma! Kama gazeti! Nikauliza ameyajuaje. Akasema mkubwa wao, Bwana Kabeya, siku hizi tuseme Sitwayen Kabeya, ni kaka yake. Kaka gani? Wote ni watu wa Kasai, basi. Hawajaonana hata siku moja.

Nimemshika Hawa mkono mchana kutwa. Akanigusa shavu, akageuza kiganja juu. Ndivyo tunavyoulizana: mama, iko nini? Nikamjibu kwa kiganja kwamba hakuna kitu. Hakuamini.

Ntumba anasema Kabeya anasimama nyuma ya mtoto na kugonga kopo la maziwa kwa kijiko. Asiyegeuka ndiye kiziwi. Ni hivyo tu? Nimepata dawa. Musafiri anagonga sufuria nyuma, mimi nakaa mbele, nakuna pua, Hawa anageuka. Akigeuka, kipande cha ndizi. Mpaka jua linazama alikuwa hakosei. Musafiri alilalamika kwamba amesukuma mabehewa siku nzima, sasa nyumba nayo imekuwa kiwanda cha mhunzi.

Jumatano, 14 Septemba

Ushindi! Shuleni, mimi nimekaa mbele ya Hawa, Kabeya amegonga mara kumi, Hawa amegeuka mara kumi. Halafu inzi akatua kwenye pua yangu. Nikakuna. Hawa akageuka, na kopo halijagongwa. Kabeya akanitazama. Nikamwambia mtoto huyu anasikia hata sauti ambayo bado iko njiani. Akaandika kwa muda mrefu.

Baadaye akawakusanya wazazi. Kijana mpole, koti lake la abakosti limepauka mabegani. Akaeleza kwamba hakuna mtoto atakayepanda meli. Wanatafuta mtoto mmoja asiyesikia akae hapahapa, darasa la kwanza, benchi la mbele, mwaka mzima pamoja na wenzake. Mwalimu wa darasa hilo, Halima, atafundishwa namna ya kumfundisha. Direkta amekubali na ametia sahihi. Lakini mtoto wa namna hiyo, kasema Kabeya, hapa hatujamwona.

Kiti kiliniwaka moto. Nimefundisha mtoto wangu mpaka nimemfukuzisha! Sasa Hawa atakaa nyuma ya watoto sitini kama mwaka jana, na baada ya wiki mbili ni sombe tena.

Ntumba hata chakula sikumgawia.

Alhamisi, 15 Septemba

Nimerudi shuleni kuungama kwa Kabeya. Nikakuta msururu wa akina mama. Imesambaa kwamba mtoto atakayechaguliwa atapewa madaftari. Mbele ya wote, Ntumba na binti yake Tshiela, kiziwi tangu jana. Tshiela! Mtoto anayesikia sufuria ikifunuliwa nyumba ya nne! Ntumba akaninong'oneza nisimharibie, na kwamba kaka yake hatamwangusha. Kaka akasimama nyuma ya Tshiela, akauliza polepole kama kuna mtoto anataka mkate. Tshiela akasema ndiyo, miwili. Tulicheka mpaka Direkta akatoka kutazama.

Zamu yangu. Kabeya akafungua karatasi zake: Hawa, binti Musafiri, anasikia vizuri sana. Nikaapa kwamba hasikii. Akasema, mama, leo kila mtu anaapa.

Akachukua kopo tena. Nikakaa kama jiwe. Mikono nimeikalia, pua sikuigusa. Lakini kopo likilia, bega langu linaruka lenyewe, na Hawa anageuka huku anacheka, anangoja ndizi. Kumi kwa kumi. Mwanangu mwerevu! Nikajifunika uso kwa kikwembe, nikalia mbele ya watu.

Hawa akaja mbio. Akanivuta kichwa kifuani kwake, akaanza kunifuta macho na pindo la gauni lake, akiniimbia ule wimbo wake usio na maneno. Nyuma yake kopo likagongwa. Likagongwa tena, kwa nguvu, mpaka akina mama wote wakaruka, na Tshiela pia. Hawa aliendelea kunifuta.

Kabeya akaweka kopo mezani. Hakucheka. Akauliza nani amemfundisha mtoto kusoma uso wa mtu namna ile. Nikasema hakuna mtu, ni nyumbani tu.

Akachukua karatasi nyingine, akaandika jina la Hawa juu kabisa.

Jumamosi, 17 Septemba

Mimi niliyeishia darasa la nne nimesimama mbele ya watu wa chuo kikuu! Kabeya alimwonyesha Mwalimu Halima kwamba asiseme na ubao, aseme na mtoto. Kisha akaniomba nionyeshe ishara zetu. Maji. Kaa. Njoo. Nimechoka. Usiogope. Wanafunzi wake wawili wakaandika kila kitu kwa kalamu. Halima akazijaribu. "Usiogope" yake inafanana na mtu anayefukuza kuku, lakini ana nia.

Sharti ni moja. Nikimwacha mlangoni, niende nyumbani. Hawa lazima azoee kutazama uso wa mwalimu, si wangu. Nikaapa. Musafiri aliposikia nimeapa, alicheka mpaka akakohoa.

Mchana kwenye salongo, kazi ya lazima ya mtaa mzima, Ntumba alilima majani bila kunisalimu. Mwishoni akasema Kabeya si kaka yake tena, ukoo wao ni tofauti kabisa.

Jumatatu, 19 Septemba

Nimetimiza kiapo. Nimemwacha mlangoni saa moja na nusu, nikarudi moja kwa moja. Nimekaa nyumbani mpaka saa mbili.

Saa mbili nikakumbuka kwamba darasa lile halina maji ya kunywa. Kabeya alisema nisikae shuleni. Maji hakuyataja. Nikajitwisha ndoo.

Mara ya kwanza Halima alinishukuru. Mara ya pili alinishukuru kwa ufupi. Mara ya tatu nilimkuta Hawa ubaoni! Anaandika 4, watoto sitini wanamtazama. Halima akatikisa kichwa kwamba ndiyo, na mwanangu akatabasamu kwa ajili yake, si kwa ajili yangu. Roho ilinijaa, nikamwaga maji kwenye viatu vyangu.

Hapo akaniona. Hakuniita. Akanyoosha kiganja na kusukuma hewa: mama, nenda nyumbani. Akarudia, na nyusi za baba yake juu. Nikajifanya nimesahau ishara ile.

Watoto sitini, ndoo moja! Haitoshi. Kesho napeleka mbili, na kikombe kimoja tu, kidogo, ili wanywe polepole.