Kochi la Kumkalisha Mama Mkwe

Jumanne, 5 Agosti 2025

Balaa! Mama mkwe anakuja. Mke wangu Gladness ameniambia nikiwa na mswaki mdomoni, nikameza povu. Atapanda basi kutoka Bukoba Jumamosi, atakaa kwetu wiki nzima. Hajawahi kuiona nyumba yetu mpya ya hapa Mkolani. Sebule ni kubwa, ina vigae, ina feni. Haina pa kukaa. Viti viwili vya plastiki na kreti la soda lenye mto juu.

Mama Paskazia hanipendi. Siku ya mahari alimwuliza shangazi yake Gladness, na mimi nasikia, kama huyu kijana wa Kisukuma ana kitu kingine zaidi ya mdomo. Winnie wetu yuko darasa la kwanza sasa. Bado swali lile linanitoa jasho.

Gladness anasema niende Kirumba dukani kwa Bi Safia, nichague kochi imara, nilipe, nirudi. Wanawake! Kununua samani ni akili. Nimeshinda kazini nikiangalia video kwenye simu. Mnunuzi mwerevu hakurupuki. Anamlegeza muuzaji kwanza.

Jumatano, 6 Agosti

Nimeenda Kirumba na shati la kufyekea majani na ndala zisizofanana. Mbinu: muuzaji akiona huna kitu, anashusha bei mwenyewe.

Nikaliona. Kochi la watu watatu, rangi ya damu ya mzee, mbao ya mninga. Nikakaa. Nikainuka. Nikakaa tena. Mgongo wangu haujawahi kupokelewa vile. Nikakunja uso, nikamwambia Bi Safia natafuta tu kitu cha kuweka stoo, nikauliza kama bei iliyobandikwa inashuka.

Habari za bei hakujibu. Alizitazama ndala. Akauliza kama Mama Winnie hajambo, kama mtoto bado anaenda shule. Akaniagizia chai na chapati, kisha akaninong'oneza, "Baba Winnie, mitihani ni ya kila mtu."

Nikala chapati. Ningefanyaje? Bei iko palepale.

Alhamisi, 7 Agosti

Jioni wamekuja wanawake wa kikoba cha Gladness. Bi Safia naye yumo kikobani, sikukumbuka! Wameleta unga, mafuta na dagaa, kunifariji kwa kuachishwa kazi. Sijaachishwa kazi! Mmoja akatuomba tusimame tusali. Nikafumbua jicho moja. Gladness hakuwa amefumba hata moja. Alikuwa ananitazama.

Walipoondoka hakupiga kelele. Angepiga kelele ningepata nafuu. Aliuliza tu mama yake atakaa wapi Jumamosi. Nikasema kochi limeshapatikana. Ni kweli. Limepatikana, liko Kirumba.

Mbinu mpya: Elias, jirani yangu wa ukuta mmoja. Bi Safia hamjui. Ataingia dukani kama mteja, aliseme vibaya lile kochi: linalia, lina mchwa, linanuka. Bi Safia akishakata tamaa, mimi naingia kwa huruma na kulichukua kwa bei ya kutupa. Elias amekubali. Ameuliza mara mbili ni kochi lipi hasa. Nimempa sifa zake zote ili asikosee.

Ijumaa, 8 Agosti

Nane Nane, kazi hakuna. Nikajibanza ng'ambo ya barabara nyuma ya mitungi ya gesi. Elias akaingia. Akalikagua kochi, akaligeuza, akaligonga mbao. Vizuri sana! Akakaa. Akaegemea. Kisha akavua viatu, akajilaza.

Hilo halikuwa kwenye mpango.

Nikamwona anatoa simu. Nikadhani ananipigia. Alikuwa analipa!

Alitoka anang'aa. Akasema ametafuta kasoro kwa moyo wote, Mungu shahidi, hakuiona. Akasema nilikuwa sahihi kuhusu mgongo. Akasema mke wake, Dorcas, amekuwa akililia kochi muda mrefu, na sasa yuko kwao Kisesa, akirudi Jumatatu atalikuta kama maajabu. Kisha akaomba nimsaidie kulipakia kwenye kirikuu. Nikasaidia. Nimerudi Mkolani nyuma ya gari, nimekaa juu ya kochi la Elias, upepo wa ziwa usoni. Lilikuwa zuri sana. Nusura nilie.

Jumamosi, 9 Agosti

Asubuhi nimempigia Elias magoti uani kwake. Nimemkumbusha ni nani alimwonyesha kochi. Amekubali kuniazima hadi kesho jioni, kwa sharti moja: nailoni ya dukani isitolewe.

Gladness alipoliona sebuleni alishika mdomo. Akanikumbatia.

Mama Paskazia amefika alasiri, miguu imevimba kwa safari. Shikamoo mama. Marahaba. Akakaa. Akateleza. Akajivuta juu, nailoni ikalia kama bata. Akateleza tena. Akauliza kwa nini kochi limevalishwa koti la mvua. Nikasema vumbi, mama, Mkolani kuna vumbi sana. Akaomba mkasi. Nikasema hatuna. Winnie akauleta mbio.

Mama akaikata nailoni yote, akaikunja vizuri, akanikabidhi. Akaegemea, akafumba macho, akatulia. Kisha akasema, "Mwanangu, nilikuwa nakuwazia vibaya. Umenipokea kama mama. Nisamehe."

Mwanangu! Nimelisubiri neno hilo tangu siku ya mahari. Nimejifungia bafuni nikafungua bomba ili wasinisikie nikihema.

Jumapili, 10 Agosti

Dorcas karudi mapema! Baada ya ibada alikuja kumsalimia mgeni. Akalisifia kochi. Akalizunguka, akalipapasa, akaenda nyumbani kumfokea Elias kwamba Malimi, yaani mimi, anamjali mkewe, yeye je? Niliyasikia yote ukutani. Nikasikia pia Elias akinyamaza, halafu akisema kitu kwa sauti ndogo, halafu Dorcas akinyamaza. Huko kunyamaza kwa pili ndiko kuliniua.

Akarudi na wanaume wanne wa kwaya, bado wana sare. Mama Paskazia alikuwa amepitiwa na usingizi, mguu juu ya mto.

"Shikamoo mama. Samahani sana, nimefuata kochi langu."

Nikawahi kusema linapelekwa kwa fundi, mguu mmoja umelegea. Dorcas akasema mguu haujalegea, limenunuliwa juzi na mume wake. Mwanakwaya mmoja akauliza wabebe au wasubiri.

Mama Paskazia akashusha miguu taratibu. Akajifunga kitenge. Akahamia kiti cha plastiki, akawaambia wabebe kwa uangalifu, ni kochi zuri. Akazungumza na Gladness kwa Kihaya, maneno machache. Nikamwuliza Gladness maana yake. Amekataa kunitafsiria. Sijala.

Jumatatu, 11 Agosti

Nimekwenda kazini ili kujificha. Nimerudi nyumbani mchana, nimekuta kochi. La kijani, la kawaida, zito. Mama Paskazia na Gladness walikwenda kwa Bi Safia asubuhi. Walipima mlango kwanza. Mama aliligeuza, akakagua mbao za chini, akabonyeza sponji, akauliza lina dhamana gani, wakaelewana. Hata chai hawakunywa.

Nikajua leo nafukuzwa. Mama akaniita nikae karibu yake. Akasema kukaa chini hakumsumbui, amekaa kwenye mkeka maisha yake yote, na jana angekaa kwenye mkeka kwangu akashukuru. Kilichomwuma ni kuamka usingizini mbele ya wanaume wa watu. Nikasema samahani, mama. Nilimaanisha. Akasema, "Haya. Sema siku ile ile: mama, sina kochi. Ni maneno matatu tu."

Gladness amecheka kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi. Nimeahidi. Kuanzia leo hakuna ujanja. Mtu mpya!

Jumanne, 12 Agosti

Mama amesema nguo zake ziko kwenye begi bado, chumba cha wageni hakina kabati. Alisema tu, hakuagiza. Lakini mtu mpya anasikia.

Nimempata fundi mmoja wa Magu mtandaoni. Kabati zuri, milango mitatu. Bei ya moja kali, bei ya jumla nafuu mno. Sasa huu si ujanja, ni hesabu: nimemwandikia kwamba mimi ni meneja wa hoteli, nahitaji makabati ishirini, anipe bei ya jumla, nianze na moja la kujaribu, alilete Mkolani.

Jibu limekuja jioni hii. Nadhani hakusoma mpaka mwisho. Anasema kwa heshima ya hoteli amepakia yote ishirini yaliyokuwa karakanani na ameshapita Kisesa. Anauliza kama lori linaingia getini.

Gladness ananiuliza kwa nini nimekaa chini ya dirisha. Kumwambia fundi ukweli ni aibu.

Elias ana ua mkubwa. Naenda kumweleza mpango.